Mwalimu Lea na Harusi ya Ratiba

Baba Padri, wazee wetu, majirani wa Chumbageni, na ninyi walimu mliovuka maji kutoka Pemba kuja kumsindikiza mwenzenu, familia inaomba masikio yenu kwa muda mfupi, tuwaeleze Mwalimu Lea Mhina alitoka wapi na alipigania nini, maana wengi mnamjua kwa ukali wake tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Amani, mtoto wa tatu wa Mzee Yakobo Mhina, mtumishi wa kituo cha utafiti, na Mama Veronika, mkulima wa iliki. Alianza shule ya msingi hapo hapo Amani mwaka 1959, akajiunga na sekondari Korogwe mwaka 1967, akahitimu ualimu wa hisabati mwaka 1972, akapangiwa shule ya sekondari hapa Tanga mjini, akakaa hapo hadi ugonjwa ulipomtoa.

Tarehe 11 Desemba 1976 alifunga ndoa na Bwana Ernesti Semkiwa, karani wa reli, wakajaliwa watoto wawili, Praxeda na Yakobo. Katika miaka ile ya dhiki, foleni ya sabuni ilipoanza alfajiri na chaki ikawa adimu kama sukari, yeye ndiye aliyeipangia shule ratiba ya vipindi nyuma ya makaratasi yaliyokwisha kutumika ya mashamba ya mkonge, akifuta na kuandika upya kila mwalimu alipoacha kazi kwenda kutafuta riziki, hata Bwana Ernesti akawa analia kuwa mezani hapana pa kuweka sahani.

Mwaka 1992 shule ilipewa kompyuta mbili kuukuu na marafiki wa ng'ambo, marehemu akajifunza kuandika programu katika masomo ya jioni, na mwezi Agosti 1993, yeye na Mwalimu Mudathir wa fizikia wakakamilisha programu waliyoiita Ratiba, iliyopanga vipindi vya shule nzima bila mwalimu mmoja kutakiwa madarasa mawili kwa wakati mmoja. Waliitoa bure, pamoja na msimbo wake, yaani maagizo yote yaliyoandikwa ndani yake, ili anayejua aufungue, aurekebishe, aurudishe kwa faida ya wote. Diski zikafika Muheza na Lushoto, zikavuka mpaka wa Horohoro hadi Kenya, na Mwalimu Thuwaiba wa Wete, kule Pemba, alipoona Ratiba inawapangia watu hisabati Ijumaa mchana wakati wa swala, hakulalamika, aliufungua msimbo, akautengeneza, akairudisha diski kwa boti. Siku diski hiyo ilipomfikia, marehemu alicheka peke yake jikoni kwa furaha.

Basi soko huria likaingia, kila kitu kikawa na bei, na kufikia mwaka 1996 Mudathir alikuwa na watoto wa kulipiwa ada, kompyuta moja ilikuwa imeungua, na maombi ya marekebisho kutoka shule mbalimbali yalikuwa yamelundikana. Hapo akatokea mfanyabiashara wa Dar es Salaam, akataka kuinunua Ratiba, aufunge msimbo, kila shule inunue nakala kwake. Mudathir alitaka wauze, wala hatumlaumu, alimwambia marehemu waziwazi kuwa watoto wake hawashibi kwa asante za walimu wakuu. Marehemu alikataa katakata, wakanuniana wiki kadhaa, huku akijua fika kuwa asipopata cha kumpa Mudathir, Ratiba itauzwa au itakufa. Aliziandikia shule zote kuomba mchango, zote zikajibu kwa pongezi, na bahasha hazikuwa na kingine ndani.

Ndipo alipokumbuka sisi ni watu gani. Mtu wa Tanga anaweza kukunyima chumvi, lakini kadi ya harusi haimpiti hivi hivi, ataona haya. Akamwendea jirani yake, Bi Zuwena, mwenyekiti wa kamati za harusi za mtaa mzima, akamwomba amsaidie kuiozesha programu. Bi Zuwena alidhani shoga yake kachanganyikiwa, kisha akakaa kitako, akaunda kamati, kadi za mchango zikatawanywa hadi Pemba. Jumamosi ya tarehe 28 Desemba 1996 ukumbi wa shule ulifurika, tarumbeta zikalia, wapo waliodai waonyeshwe bwana harusi, wapo walioleta kanga na masufuria, marehemu akavipokea vyote kwa uso mkavu na kuvinadi hapo hapo. Mudathir akapata posho ya kila mwezi, kompyuta ikatengenezwa, na yule mfanyabiashara, aliyekuja kuchungulia, alikula pilau, akachangia, akaondoka.

Hata hivyo, jambo moja lilimkera marehemu hadi mwisho, kwamba tunachanga tukiona pilau au jeneza, na Ratiba inataka kutunzwa hata mwezi usio na lolote. Januari 1998 akaanzisha mchango wa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, bila chakula wala ngoma. Miezi ya mwanzo walikaa ukumbini yeye, Mudathir na Bi Zuwena wakitazamana, lakini hakuyumba, na polepole mkaanza kuja.

Mwaka jana, mwezi Julai, figo zilianza kumsumbua, akalazwa hospitali ya Bombo mara tatu, akafariki Jumanne tarehe 9 Mei 2000, Bwana Ernesti akiwa amemshika mkono. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kulala nasi, walimu wenzake, na Mwalimu Mudathir, aliyemsomea marekebisho mapya kitandani hadi wiki ya mwisho.

Sasa tangazo, kwa amri yake mwenyewe. Tumeona wengi mmekuja na bahasha zilizoandikwa Ratiba, Mungu awabariki, lakini kapu lililoko mlangoni ni la msiba peke yake, hizo nyingine rudini nazo nyumbani. Jumamosi tarehe 3 Juni, Mudathir atakuwa ukumbini tangu saa tatu asubuhi, hakutakuwa na harusi, hakutakuwa na maiti, hakutakuwa hata na chai, na marehemu alimwambia mumewe kuwa mtakuja. Mwalimu wetu, lala kwa amani, tutakuja.