Mama Kiwele wa Kimemi, na Ng'ombe Aliyelia Matangani

Wasikilizaji wapendwa, kama mmesimama, ketini. Mama Virginie Kyakimwa amekufa. Narudia, kwa sababu hata ulimi wangu unakataa: Mama Virginie Kyakimwa, mfugaji wa Kimemi hapa Butembo, amekufa. Jumanne alikwenda Mbau kumtazama ng'ombe mgonjwa wa rafiki yake. Wakati wa kurudi, karibu na Beni, pikipiki iliteleza kwenye matope. Basi. Asubuhi alikamua, jioni akaletwa amefunikwa shuka. Nilikuwa nimemwalika aje kwenye kipindi hiki hiki. Kiti chake nakiangalia hapa, na bado sielewi.

Wengi mlimjua kwa jina la utani, Mama Kiwele, na yeye alilicheka. Alizaliwa Kyavinyonge, kwa wavuvi. Samaki aliwajua hadi mifupa. Ng'ombe? Hakujua kitu. Alipoolewa na Baba Mathe, wakwe walimpa ndama jike, naye akamlisha kama bwana harusi: viazi vitamu, maganda ya ndizi, machicha ya pombe. Ndama akanona, akang'aa. Watu wakitoka kanisani walipita kumsifu.

Ndama akakua, akazaa. Kiwele kikubwa, cha kupendeza macho. Maziwa? Kikombe. Wasikilizaji, kikombe! Virginie alilia mbele ya majirani. Daktari wa mifugo ndiye aliyemweleza. Ndama jike akiwa bado mdogo, kabla hajaanza kutafuta dume, ndani ya kiwele chake panajengwa vyumba vya maziwa. Ukimnenepesha mno wakati huo, mafuta yanakaa mahali pa vyumba. Baadaye huwezi kuyatoa.

Tangu hapo hakunyamaza. Alisema kanisani kwa akina mama, alisema sokoni, alisema hata harusini, watu wakiwa na sahani mkononi, kwamba unene si maziwa. "Bamama, kunona hapana maziba! Mupatie mutoto wa ngombe majani ya muzuri, lakini musimufanye nguruwe!" Waliomcheka walikuja kununua maziwa kwake.

Alikuwa na somo la pili, na hilo ndilo lililotikisa matanga yake mwenyewe. Ng'ombe wake wa sasa, aliyemlea kwa majani mazuri, alikuwa amezaa Jumapili, siku mbili kabla ya ajali. Virginie alifundisha kwamba siku za kwanza baada ya kuzaa, kiwele kinajipima. Kikikamuliwa, kinaongeza. Kikiachwa kimejaa, kinaelewa kwamba maziwa hayatakiwi, kinapunguza, na kinaweza hata kuugua. Na nyumba ya Mathe inaishi kwa ng'ombe huyo mmoja. Nasema tena: mmoja.

Jumatano nilikuwa pale matangani. Desturi ya ukoo wao ni hii: maiti akiwa bado ndani, hakuna kushika jembe, hakuna kushika ndoo. Ni heshima. Tena majirani, kwa nia njema kabisa, walimfungia ndama nyuma ya nyumba ili wageni wapate nafasi uani. Basi ndama hakunyonya, na mama yake hakukamuliwa tangu Virginie alipomkamua mara ya mwisho. Ng'ombe akaanza kulia. Tuliimba, akalia. Mchungaji akaomba, akalia kuliko mchungaji.

Gracieuse, binti wa marehemu, alikuwa ameketi kando ya jeneza. Akasimama. Akachukua ndoo.

Mzee Kahongya, kaka mkubwa wa Mathe, akapaza sauti: "Gracieuse! Mama yako angali mu nyumba. Unaenda wapi na ndoo? Unatuletea laana?"

"Baba mukubwa, munisamehe," binti akasema. "Kiwele imekuwa nguvu sawa jiwe. Mama alinifundishaka, maziba hapana ngojeaka mutu. Tukiacha ile ngombe iharibike, tutamuzika mama mara mbili."

Mimi nilishtuka, siwafichi. Msichana kuacha jeneza la mama yake akakamue! Nilidhani mzee atampiga. Mzee akamgeukia Mathe. Na Mathe, ambaye tangu Jumanne alikuwa ameketi tu kwenye mkeka, akainuka, akaenda kushika kamba ya ng'ombe.

Gracieuse alichuchumaa na nguo zake za msiba. Maziwa yalitoka kwa taabu, mazito, ya manjano. Kisha yakaja kwa nguvu, na ng'ombe akanyamaza. Mzee Kahongya mwenyewe ndiye aliyekwenda kumfungua ndama.

Baada ya mazishi Mathe aliniambia hivi: "Tangu baniletee habari, sikulia. Nilikuwa sawa ukuta. Lakini nilipoona mikono ya mutoto pale chini ya ngombe, ilikuwa mikono ya Virginie. Pale ndiyo nililia."

Kwa Baba Mathe, kwa Gracieuse, kwa ukoo wote wa Kimemi na wa Kyavinyonge: poleni sana. Mungu awashike mkono. Na sisi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tufikiri kidogo. Desturi zetu sizitukani, zimetulea. Lakini tunampa marehemu heshima gani, tukikaa tunamlilia huku kazi ya mikono yake inaharibika nyuma ya nyumba? Kama leo kuna msiba kwenu, na mnasikia ng'ombe analia, nendeni mkamue kwanza. Kisha rudini mlie.