Aliyelibuni Gari Jekundu

Fundi bodi hakuwa mtu wa kunyamaza safarini. Ndani ya treni alimwonyesha mama aliyeketi mkabala naye picha ya gari jekundu la mashindano alilokuwa akilifufua.

"Limebaki hili moja tu, mama. Aliyelibuni hajulikani."

Macho ya mama yalilengwa na machozi. "Ni baba yangu. Kaka alifia humo, mashindano ya kwanza tu. Baba akachoma michoro yote, akakataza jina lake mwenyewe lisitajwe tena."

"Pole sana. Lakini kazi nzuri hivi, mzee wa watu asahaulike?"

"Mwenyewe ndivyo alivyotaka, mwanangu."

"Na wewe je?"

Treni ikafunga breki. Mama akasimama. "Alipokuwa akilichora alikuwa akiimba," alisema, akashuka.

Fundi aliinuka amuulize jina la mzee, milango ikajifunga.