Sonara Aliyempiga Daktari Wake

Marehemu mdogo wangu, tuliyemwita Ngumi Jiwe, alizaliwa tarehe 12 Machi 1958, chumba cha nyuma cha karakana ya baba, ametanguliza miguu. Mama alisema alimpiga mkunga teke kabla hata hajalia.

Shule aliishia darasa la saba, mwaka 1972. Alifukuzwa kwa kumvunja pua kiranja aliyenichapa mimi, nami ndiye mkubwa. Aibu hiyo ninayo hadi leo.

Alishika usonara mwaka 1976, akayeyusha dhahabu miaka arobaini na sita. Jambazi aliwahi kumvamia kwa panga. Jambazi alitoka na uso ulioungua kwa mrija wa moto wa kuyeyushia dhahabu, na marehemu akapoteza vidole viwili. Mwaka 1984 alimwoa shemeji yangu huyu, baada ya kupigana na kaka wote watatu wa shemeji.

"Walikuwa wananipima tu," aliniambia, fizi zinavuja damu.

Februari 2022 alipata uvimbe wa saratani shingoni, mkubwa kama ndimu. Daktari akamweleza tiba mpya, bado iko kwenye majaribio: chembe za dhahabu, ndogo kuliko vumbi, huingizwa ndani ya uvimbe, kisha humulikwa kwa leza. Zinapata joto kali, uvimbe unaungua, nyama ya kando inasalimika.

"Nionyeshe hiyo dhahabu."

Daktari akaleta kichupa cha maji mekundu. "Mzee, ikiwa ndogo hivi hubadilika rangi."

"Unamdanganya sonara kuhusu dhahabu, wewe?"

Akamtandika ngumi, jino likaruka. Nilikuwepo; mimi ndiye niliyeliokota.

Alikataa tiba, akakaa nyumbani miezi minane. Uvimbe ukawa kama embe, ukamkaba koo.

"Mume wangu," shemeji akamuuliza, "utakwenda kwa miguu au kwa jeneza?"

Akaenda. Daktari yule yule, pengo wazi, akamtibu. Marehemu alinguruma, akang'ang'ania kitanda mpaka chuma kikapinda. Uvimbe ukafa, ukakauka kama kipande cha mkaa. Lakini katika miezi ile minane saratani ilikwishapenya mapafuni.

Alifariki tarehe 9 Juni 2023, akitapika damu. Siku moja kabla alinikamata kola.

"Kaka, usinipambe. Waambie ubishi ndio umeniua, si daktari."

Nimewaambia. Ameacha mjane, mabinti wawili, mimi, na fundi mwenzake anayejifunika shingo kwa kitambaa wakati wa joto hili. Bwana fundi, marehemu aliuona uvimbe wako. Daktari amesimama hapo mlangoni, anakungoja.

Mungu ampokee ndugu yetu, na mikono ile sasa itulie.