Mama Masjala na Barua Aliyokataa Kuipiga Muhuri

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kushika masjala ya shule yetu, karani wetu mkuu anastaafu. Wote tunamwita Mama Masjala. Aliingia na taipureta, anatoka akiwa ameshazika kompyuta nne.

Ana mambo yake. Kalamu yake haiazimwi, na mwalimu anayechelewesha daftari la mahudhurio hufuatwa hadi mlangoni pa darasa, wanafunzi wakitazama. Mkuu wa shule naye hasalimiki.

Lakini mimi nina langu la kusema. Kulikuwa na binti wa kidato cha pili ambaye wazazi wake walitengana kwa maneno makali. Alizoea kuwa wa kwanza; akaanza kushika mkia, kujibu walimu ovyo na kutoroka. Mimi, mwalimu wa nidhamu, nikaandika barua ya kumfukuza shule. Mama Masjala akagoma kuipiga muhuri.

Alifungua daftari la mahudhurio, akaweka kidole kwenye safu ya Jumatatu. Binti alikosa siku hiyo tu, akitoka wikiendi kwa baba. Mama Masjala alikuwa ameshamuuliza kwao kukoje: sare ilikuwa nyumba hii, vitabu nyumba ile, na kila alipoviulizia, simu za wazazi ziliwaka moto. Aliona afadhali asije. Nikaona aibu, nikaichana barua.

Mama Masjala naye aliteleza. Aliwaita wazazi wote wawili kwa wakati mmoja, wakagombana koridoni binti akisikia kila neno. Siku hiyohiyo alimwomba mtoto radhi, bila kujitetea. Nadhani hakuna mtu mzima aliyewahi kumwomba radhi kabla ya hapo.

Kuanzia wiki iliyofuata kila mzazi alipewa saa yake ya kuja shuleni na nakala yake ya ripoti, na droo ya chini ya kabati la faili ikawa ya sare na vitabu vya binti. Wazazi hawakurudiana. Binti alianza kucheka tena, akamaliza kidato cha nne.

Siku hizi, kabla sijamwandikia mtoto barua, namuuliza kwanza kwao kukoje. Wanane wamebaki shuleni kwa sababu ya swali hilo, na hawajui limetoka kwa nani. Kwa niaba yao, na ya mwalimu aliyekuwa na haraka, asante sana, mama. Tunakuombea afya tele na siku njema huko uendako.