Siku Tulipomnyang'anya Nyambura Jina Lake

Bwana asifiwe, watu wa Mweiga! Msinipigie makofi bado. Nimesimama kushukuru, lakini pia nina la kutubu.

Mnajua kwetu binti wa pili hupewa jina la nyanya mzaa mama. Wangu nikamwita Nyambura, jina la marehemu mama yangu. Alipofika miaka mitatu, tumbo likaanza kufura. Dawa ya minyoo tulimpa, likazidi. Damu ikawa inamtoka puani hadi sweta inalowa. Mama mkwe akasema, "Ati mnashangaa nini? Mama yako si alikufa na ugonjwa wa tumbo? Badilisheni hiyo jina!"

Ndugu zangu, nilikubali! Tulimleta hapa hapa mbele ya kanisa, akaombewa, akaitwa Neema. Nilimkana mama aliyenizaa na bado nikapiga vigelegele. Tumbo halikujua habari za jina. Liliendelea tu kufura.

Siku alipozimia kwenye shamba la viazi, tulimkimbiza hospitali ya Nyeri, wakatutuma Nairobi. Daktari akatupima mimi, baba yake na mtoto. Akasema Nyambura alizaliwa na upungufu wa kimeng'enya, kile kitu cha kuvunja mafuta fulani mwilini. Mafuta yamejaa kwenye bandama na ini. Nikauliza kama ni ule ugonjwa wa mama yangu. "Ameutoa kwenu wote wawili," akasema. "Nusu kwa baba, nusu kwako. Nyinyi hamuugui, lakini mlikuwa mmeubeba."

Wacha nishtuke! Mwaka mzima nilikuwa nalaumu kaburi! Mume wangu alikaa sakafuni. Mama mkwe, tuliyekuja naye, alishika thamosi ya uji, asiweze hata kumimina.

Sasa kila wiki mbili Nyambura anatundikiwa dripu yenye kile kimeng'enya. Tumbo limeshuka. Jana alikimbiza ndama, ndugu zangu, alikimbiza! Sitawadanganya, dripu ni ya maisha. Lakini Mungu ni yule yule, hata akiponya polepole.

Mpendwa, mtoto wako akifura, omba, halafu mpeleke hospitali. Mtumaini Bwana, uache kutafuta mchawi kwenye jina.

Na mjue anayempeleka kwa dripu ni mama mkwe. Kwenye faili bado ameandikwa Neema. Nesi akiita, huyo mama husimama na kusema kwa nguvu, "Huyu ni Nyambura. Sisi ndio tulikosea."