Nusu Lita ya Fundi Chupa

Ndugu waombolezaji, habari za utoto wa marehemu kaka yangu nilisimuliwa na shangazi aliyetulea, Desemba 1998, na mengine niliyaona mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akamaliza shule ya msingi mwaka 1966, akaishia kidato cha pili, akajifunza umakanika, na tarehe 12 Juni 1976 akamwoa fundi cherehani, shemeji yetu aliyeketi hapa, wakajaliwa binti mmoja mwaka 1978.

Katika gereji aliyofungua mwaka 1977 alirekebisha kabureta ili magari yasinywe mafuta ovyo, na kila alipomaliza alifunga chupa ya petroli nusu lita kwenye injini, akaendesha mpaka gari lizimike, akamwacha rafiki yake mpiga rangi alilinde, yeye akarudi kwa miguu kufuata mafuta, akihesabu nguzo za umeme ili ajue nusu lita ililifikisha gari umbali gani. Kubeba akiba alikataa, akisema uzito nao hunywa mafuta. Ndipo akaitwa Fundi Chupa, na wasiomjua wakadhani ni mlevi.

Petroli iliposhuka bei watu walinunua magari makubwa wakamsahau, ilipopanda walijazana mlangoni, lakini yalipoingia magari ya kompyuta, yasiyo na kabureta, hawakurudi tena. Binti yake, aliyesomea mashine za kupima injini hizo, aliomba kuleta mashine yake ili gereji isife, akakataliwa miaka minane, hata baba na mwana wakawa wanasemezana kupitia kwa mama tu.

Agosti 2012 binti alileta gari dogo la petroli na betri, akasema, "Baba, lipime kwa nusu lita yako." Wakakausha tangi, wakaimimina, wakaondoka na mpiga rangi, nguzo zikapita hata hesabu ikampotea kaka, petroli ikaisha na gari bado likasogea kimya kwa betri. Betri nayo ilipoisha, mpiga rangi akabaki kulilinda, baba na binti wakarudi kwa miguu kufuata mafuta, hadi baba alipoketi juu ya jiwe akasema, "Mwanangu, nimechoka kutembea. Kesho lete hiyo mashine yako."

Aliugua mapafu tangu Februari 2020, akafariki hospitalini alfajiri ya tarehe 9 Mei 2021.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompeleka kliniki kwa zamu, na mafundi wenzake waliofunga kazi leo. Mpiga rangi alitangulia mwaka 2017, na kati ya watatu wa safari ile aliye hai ni binti peke yake, na gereji ingali inafanya kazi mikononi mwake.

Pumzika, kaka. Safari hii hakuna kurudi kwa miguu.