Devota Luambano na Hesabu Aliyoichukia

Devota Hironimus Luambano alizaliwa Mpitimbi tarehe 9 Mei 1993, mtoto wa kwanza wa Mzee Hironimus na Mama Kunegunda.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kijijini. Alipokuwa darasa la tano, mwalimu wa hesabu alimsimamisha mbele, akawaambia wenzake wampigie makofi kwa kupata sifuri. Wakapiga. Baadhi yao wamekuja leo na mashada. Tangu siku ile, kila alipofungua kitabu cha hesabu viganja vilimtoka jasho. Masomo mengine aliyamudu, na mwaka 2016 alihitimu shahada ya sayansi ya siasa Dar es Salaam. Alitaka kuwa mtafiti.

Alirudi Songea kufundisha Uraia. Wakati wa likizo alihudhuria mikutano ya kijiji, akagundua kwamba kura ya kunyoosha mikono ikiitishwa, wanawake wengi huwatazama kwanza waume zao. Alipolisema, mwenyekiti alimjibu, "Mwanangu, hayo ni maneno ya jikoni. Lete takwimu." Watu wakacheka. Mwaka 2019 Dk. Kassimu, aliyemfundisha chuoni, alimwita akafanye utafiti juu ya jambo hilohilo. Devota aliuliza kama una takwimu ndani yake. Alipoambiwa zimo, akakataa.

Tarehe 17 Oktoba 2020 alifunga ndoa na Saimon Mapunda, mwalimu wa hesabu. "Nimeolewa na adui," alitania. Ndugu walimshauri asahau utafiti, azae. Alizaa. Lakini mtoto akilala, Saimon alimfundisha wastani na asilimia kwa punje za mahindi. Devota akikosea alizimwaga kwa hasira, kisha akaziokota. Siku aliyopatia alimwonya, "Baba Dorine, ukinipigia makofi nakuacha."

Februari 2025 alimpigia Dk. Kassimu: yuko tayari. Nafasi ilikuwepo bado. Machi tumbo likaanza kumuuma. Aliambiwa ni vidonda, akameza dawa na kuendelea kufundisha. Juni ikajulikana ni saratani ya ini. Siku za mwisho Saimon alimuuliza kama bado anaichukia hesabu.

"Naichukia vilevile," alisema. "Ila ningeimaliza."

Alifariki asubuhi ya tarehe 21 Agosti 2025.

Ameacha mume, binti yake Dorine wa miaka mitatu, wazazi, wadogo zake Valence na Walburga, na mwenyekiti ambaye sasa hana wa kumdai takwimu.

Bwana ampokee Devota wetu, apumzike.